Nasaba, Damu na Mbegu: Urithi wa Mwili katika Viumbe

Neno urithi limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ya kisheria: ni mali aiachayo marehemu, ikagawiwa wale walio na haki nayo. Elimu ya viumbe ilipohitaji neno la kueleza jinsi mtoto apatavyo umbo la pua, rangi ya ngozi au maradhi fulani kutoka kwa wazazi wake, neno hilo hilo likaazimwa. Maazimo ya namna hii hutokea katika kila lugha, wala hayana ubaya. Lakini neno liazimwapo huja na mizigo yake, na mizigo hiyo yapasa kufunguliwa mapema, kwa kuwa urithi wa mwili waachana na urithi wa mali karibu katika kila jambo.

Mali hurithiwa mwenyewe akisha kufa. Mwili hurithishwa mzazi angali hai, mara moja tu, mimba itungwapo. Agawaye mali hupungukiwa. Mzazi hapungukiwi na kitu, kwani akitoacho ni nakala. Katika mirathi ya sheria ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata mafungu mawili na wa kike fungu moja. Mwilini kila mtoto, awe wa kiume au wa kike, hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama, isipokuwa katika mambo machache yatakayotajwa baadaye. Tena mali huandikiwa wasia na mrithi aweza kuikataa. Mwilini hakuna wasia wala hakuna kukataa.

Neno la pili lenye mizigo ni damu. Husemwa kwamba watu fulani ni wa damu moja, kwamba fulani amechanganya damu, kwamba ujasiri umo katika damu ya ukoo fulani. Picha iliyo nyuma ya semi hizi ni ya kimiminiko: damu ya baba na damu ya mama humiminwa katika chombo kimoja zikachanganyika, kama maziwa yachanganywavyo na kahawa. Picha hii haikuwa ya Waswahili peke yao. Wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19 walikuwa na fikira iliyo karibu na hiyo, na hata Charles Darwin, aliyetoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe mwaka wa 1859, hakuwa na maelezo yaliyo bora.

Upungufu wa picha hiyo huonekana mara mtu aifikiripo. Kahawa ikisha kuchanganywa na maziwa haitenguki tena. Kama urithi ungekuwa hivyo, kila mtoto angekuwa katikati ya wazazi wake, na baada ya vizazi vichache watu wote wa kijiji wangefanana kama sahani za seti moja. Kumbe kila mzee ajua kwamba mtoto aweza kuzaliwa na sura ambayo baba hana wala mama hana, na bibi akaitazama akasema, "Huyu amemfuata babu yake." Kitenzi hicho, kumfuata, kimeona jambo ambalo neno damu halikuliona: kitu kilipita kwa mzazi bila ya kuonekana, kikatokea tena kikiwa kizima.

Mtu wa kwanza aliyelithibitisha jambo hili kwa hesabu alikuwa mtawa, Gregor Mendel, aliyezaliwa mwaka wa 1822 na kuishi katika monasteri ya mji wa Brno, ambao zamani hizo ulikuwa katika milki ya Austria na leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Kuanzia mwaka wa 1856 hadi 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri. Njegere zilimfaa kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe, na hata hivyo mtu aweza kulifungua kabla halijapevuka, akaondoa sehemu za kiume na kulipaka chavua ya mmea mwingine amtakao. Tena zina tabia zisizo na katikati. Mbegu ama ni ya mviringo ama ina makunyanzi. Ama ni ya njano ama ni ya kijani.

Mendel alichukua mmea wa ukoo uzaao mbegu za mviringo siku zote, akauoanisha na mmea wa ukoo wa mbegu za makunyanzi. Mbegu za kizazi cha kwanza zikawa za mviringo zote. Makunyanzi yalitoweka kana kwamba hayakuwahi kuwako. Lakini alizipanda mbegu hizo, akaiacha mimea ijichavushe yenyewe, kisha akahesabu mazao yake: mbegu 7,324, katika hizo 5,474 za mviringo na 1,850 za makunyanzi. Katika jaribio la rangi alipata za njano 6,022 na za kijani 2,001. Makunyanzi yalikuwa yamerudi, tena yamerudi kamili, wala hayakupunguzwa ukali kwa kuishi kizazi kizima ndani ya mbegu ya mviringo. Na yamerudi kwa kipimo kile kile kila mara, moja kwa tatu.

Maelezo yake yalikuwa haya. Kwa kila tabia mmea una chembe mbili za urithi, moja kutoka kwa kila mzazi. Uzaapo, hutoa moja tu kati ya hizo mbili, na ni ipi itakayotoka ni bahati tupu, kama sarafu irushwapo. Ile ya mviringo na iitwe V, na ile ya makunyanzi iitwe k. Kizazi cha kwanza chote kilikuwa Vk, na kwa kuwa V ikiwapo huonekana yenyewe, mbegu zote zilikuwa za mviringo. Vk ikioana na Vk, watoto waweza kuwa VV, Vk, kV au kk. Watatu wataonekana mviringo, na mmoja atakuwa na makunyanzi.

Wengi huishia hapo, lakini uwiano wa tatu kwa moja si sehemu iliyo bora ya kazi yake. Ikiwa maelezo hayo ni kweli, basi mbegu za mviringo za kizazi cha pili, ingawa zafanana machoni, si sawa kwa ndani: theluthi moja ni VV na theluthi mbili ni Vk. Mendel alipanda 565 za namna hiyo azijaribu. 193 zilizaa mviringo peke yake, na 372 zikazaa namna zote mbili. Hiyo ni moja kwa mbili, kama alivyotabiri. Hapo ndipo ilipobainika kwamba kionekanacho na kilichomo ni mambo mawili mbalimbali, na mtu hawezi kukijua cha pili kwa kukitazama cha kwanza.

Maandishi yake yalichapwa mwaka wa 1866, na wachache waliyasoma. Alifariki mwaka wa 1884. Mwaka wa 1900 Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria wakayafufua kwa wakati mmoja. Neno jeni lenyewe lilitungwa mwaka wa 1909 na Wilhelm Johannsen wa Denmark, naye alilichagua kwa kuwa lilikuwa fupi na halikubeba nadharia yoyote. Ni sifa ambayo watungao istilahi husahau kuitafuta.

Tabia kama ya mviringo, ambayo jeni yake ikiwa moja tu yatosha kuonekana, na tabia kama ya makunyanzi, ambayo huhitaji jeni zake mbili, zahitaji majina. Wako wasemao jeni yenye nguvu na jeni dhaifu. Majina haya yanapotosha. Msomaji asikiapo "dhaifu" hufikiri kwamba kitu hicho kitashindwa na kufifia, nayo haifai kitu. Lakini k ya Mendel haikushindwa wala kufifia, ilingoja tu. Wala "yenye nguvu" haimaanishi bora, kwani yako maradhi mazito yanayorithiwa kwa jeni moja tu. Katika makala haya yatatumika maneno dhahiri na fiche, ambayo hayasifu wala hayatwezi.

Mahali zikaapo jeni palijulikana baadaye. Ndani ya kila seli mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi ziitwazo kromosomu. Binadamu ana 46, yaani jozi 23, na katika kila jozi moja ni ya baba na moja ni ya mama. Idadi hii ilithibitishwa mwaka wa 1956 tu, na Joe Hin Tjio na Albert Levan huko Sweden. Kabla ya hapo vitabu vilisema 48, na waliotazama kwa hadubini waliona 48 kwa kuwa ndizo walizoambiwa wazione. Kila kromosomu imekunja ndani yake uzi mrefu wa DNA, ambao umbo lake la ngazi iliyosokotwa lilielezwa mwaka wa 1953. Vidato vya ngazi hiyo vina namna nne za kemikali, ambazo huandikwa A, T, G na C, na mpangilio wake ndio uelekezao seli itengeneze protini gani. Wataalamu husema juu ya herufi, kunakili, hata tafsiri. Lugha hiyo ya uandishi ni ya msaada mkubwa, mradi isisahauliwe kwamba hapo hapana mwandishi wala msomaji.

Katika Afrika ya Mashariki elimu hii si ya njegere tu. Yako maradhi ambayo Kiswahili kimeyapa jina zuri la selimundu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujipinda kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na madhara ya viungo. Chanzo chake ni badiliko dogo mno. Himoglobini, protini ibebayo hewa katika damu, ina minyororo ambayo mmoja wapo una vipande 146. Vernon Ingram alionyesha huko Cambridge, katika miaka ya 1956 na 1957, kwamba kosa limo katika kipande kimoja tu, cha 6. Katika DNA ni herufi moja iliyobadilika, A ikawa T.

Selimundu ni tabia fiche. Mwenye jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida ni mzima. Hulima, hucheza mpira, huzeeka, na aghalabu hajui kwamba anayo. Huyo huitwa mbebaji. Wabebaji wawili wakioana, hesabu ya Mendel huingia nyumbani mwao kama ilivyoingia bustanini: kwa kila mimba, nafasi moja katika nne kwamba mtoto atakuwa na maradhi, mbili katika nne kwamba atakuwa mbebaji kama wazazi wake, na moja katika nne kwamba hatakuwa na jeni hiyo kabisa. Mbebaji akioa asiye mbebaji, hapana mtoto wao atakayeugua, ijapokuwa kwa wastani nusu yao watakuwa wabebaji.

Hapa makosa mawili ya fikira yameumiza watu wengi. La kwanza ni la hesabu. Mtu aambiwapo "mmoja katika wanne", hufahamu kwamba yule aliyekwisha kuugua ndiye yule mmoja, na kwamba watatu wafuatao wamesalimika. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kila mimba huanza upya na nafasi ile ile, na yako matumbo yaliyozaa wagonjwa watatu mfululizo, kama yalivyoko ya wabebaji yasiyozaa mgonjwa hata mmoja.

Kosa la pili ni la lawama. Mtoto augonjapo mara kwa mara tangu utoto wake, na nduguze wa baba hawajapata kuwa na maradhi hayo, ni rahisi kusema kwamba yametoka upande wa mama, na ziko ndoa zilizovunjika kwa neno hilo. Lakini selimundu ni maradhi ambayo, kwa asili yake, mzazi mmoja hawezi kuyaleta peke yake. Mtoto mgonjwa ni ushahidi kwamba alipokea jeni kwa baba na jeni kwa mama. Mume asemaye "kwetu hakuna" husema kweli kuhusu kionekanacho, na hukosea kuhusu kilichomo, yaani hurudia lile kosa la kuzitazama mbegu za mviringo na kudhani zote ni sawa. Kipimo cha damu chatosha kumwonyesha, na ni afadhali kifanywe kabla ya ndoa kuliko baada ya msiba.

Yafaa pia kutenganisha maneno matatu ambayo katika mazungumzo huchanganywa: maradhi ya kurithi, maradhi ya kuzaliwa nayo na maradhi ya kuambukiza. Mtoto aweza kuzaliwa na kaswende aliyoambukizwa tumboni. Amezaliwa nayo, lakini hakuirithi, kwani kilichompata ni kijidudu na si jeni. Selimundu ni ya kurithi, nayo kwa kawaida haionekani siku ya kuzaliwa bali baada ya miezi kadhaa, himoglobini ya mtoto mchanga ikisha kubadilishwa na ile ya ukubwani. Wala haiambukizi kwa kula chombo kimoja au kulala kitanda kimoja.

Swali lililobaki ni hili: ikiwa jeni hii iliua watoto wengi kabla ya kutimiza miaka 5, kwa nini haikuisha? Jibu lilipatikana katika nchi hizi hizi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 1949, akapima damu za watu wa makabila mengi. Aliona kwamba pwani na kando ya Ziwa Viktoria wabebaji walizidi 20 katika kila watu 100, na katika nyanda za juu zilizo kavu na baridi hawakufika hata 1. Ramani hiyo ilikuwa ndiyo ramani ya malaria. Mwaka wa 1954 alitoa hesabu za watoto 290 wa Kiganda: katika wabebaji 43, wenye vijidudu vya malaria walikuwa 12, katika wasio wabebaji 247, walikuwa 113. Alifanya pia jaribio la kuwaambukiza malaria wanaume 30 wa Kijaluo, jambo ambalo leo lisingepata idhini kwa urahisi. Katika wabebaji 15 waliougua ni 2, na katika wengine 15 waliougua ni 14. Mwenye jeni mbili za selimundu aliuawa na selimundu, asiye nayo hata moja aliuawa na malaria, na mbebaji akapita katikati.

Kwa mchunguzi wa lugha ramani ile ina jambo jingine. Wako waliotumaini kwamba alama za damu zingegawanya makabila kama lugha ziyagawanyavyo, Wabantu huku na Waniloti kule. Haikuwa hivyo. Wakikuyu na watu wa pwani husema lugha za Kibantu, lakini wa kwanza karibu hawana jeni hiyo na wa pili wanayo kwa wingi. Wajaluo na Wamasai wote ni Waniloti kwa lugha, lakini Wajaluo wa kando ya ziwa wanayo na Wamasai wa nyanda kavu karibu hawana. Jeni ilifuata mbu, haikufuata ngeli za majina. "Mtoto wa nyoka ni nyoka", husema methali moja; "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", hujibu nyingine. Lugha ni ya methali ya pili peke yake.

Limebaki neno nasaba, ambalo Kiswahili cha leo kimelichukua kuunda vinasaba, jina la DNA litumiwalo katika magazeti na mahakamani. Ni neno lililotungwa kwa ustadi, nalo limepokewa. Ila nasaba katika desturi ya pwani huhesabiwa kwa baba, na kwa Wamakonde, Wayao na Waluguru ukoo huhesabiwa kwa mama, na vinasaba karibu vyote havijali hesabu hizo mbili. Viko viwili tu vinavyozifuata. Kromosomu iitwayo Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, kizazi baada ya kizazi. Na nje ya kiini, katika vijiumbo viitwavyo mitokondria vinavyoipa seli nguvu, mna DNA kidogo ambayo watoto wote hupewa na mama yao.

Viwili hivyo vilitumiwa katika uchunguzi uliochapwa mwezi wa Machi 2023, juu ya mabaki ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani, kama Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa, baina ya mwaka wa 1250 na 1800. Ilionekana kwamba Waafrika na watu wa Asia walianza kuzaliana katika pwani hiyo yapata mwaka wa 1000, na kwamba kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya urithi wao ilikuwa ya Kiafrika. DNA ya upande wa mama ilikuwa karibu yote ya Afrika. Kromosomu za Y nyingi zilikuwa za Asia ya kusini-magharibi, na asili ya Kiasia ya zamani hizo ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Uajemi. Asili ya Uarabuni iliongezeka baada ya mwaka wa 1500. Haifai kuwahesabia Waswahili wote matokeo haya, kwa kuwa waliozikwa karibu na misikiti na kuta za mawe walikuwa aghalabu watu wenye cheo. Lakini kwa hao, masimulizi ya Shirazi yaliyodharauliwa na wanahistoria wengi yameonekana kuwa na msingi, wala hayakuondoa ukweli wa pili, kwamba mama zao walikuwa watu wa bara hili. Watoto walipata nusu ya jeni kwa kila mzazi. Lugha waliichukua ya mama, ikabaki Kibantu katika ngeli zake, vitenzi vyake na hesabu yake ya moja, mbili, tatu; na baba zao kutoka Uajemi waliwaachia maneno machache ya kazi waliyoijia, kama vile nahodha na bandari.